Usingoje kitanda cha hospitali kikupe likizo

KATIKA miji yetu, mtu aliyechoka huheshimiwa kuliko mtu aliyepumzika. Ukikutana na rafiki kwenye kituo cha matatu na kumwuliza hali, atakujibu kwa fahari kwamba hana hata nafasi ya kupumua. Naye anayesema kwamba alishinda nyumbani siku nzima bila kufanya lolote hutazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba amefutwa kazi au ameanza kuwa mvivu.

Mkazi wa Githurai, Kayole au Ongata Rongai ambaye hufanya kazi katikati mwa Nairobi huamka kabla ya jogoo kuwika ili auwahi usafiri. Jioni, atokapo kazini, huelekea kwenye shughuli nyingine: kibanda cha mboga, duka dogo au masomo ya jioni. Jumamosi ni kazi. Jumapili ni ibada, halafu mkutano wa chama, halafu mchango wa harusi au wa matanga. Jumatatu ifikapo, mtu huyo huianza wiki akiwa amechoka kuliko alivyokuwa Ijumaa.

Hatuwezi kuwalaumu watu hawa. Mwenye nyumba haingoji kodi yake, na karo ya shule haina subira. Hata hivyo, kuna deni jingine ambalo wengi wetu hulisahau, nalo ni deni la mwili. Deni hili halina dalali wa kubisha mlangoni. Hurundikana kimya kimya kwa miaka mingi, na siku linapodaiwa, hudaiwa lote kwa pamoja pamoja na riba yake.

Ni maoni ya mwandishi huyu kwamba kusimama kidogo ili kupumzika, na kuanza upya pale mambo yalipoharibika, si uvivu wala si aibu. Ni jambo la kiafya kama vile kunywa maji safi na kumeza tembe kwa wakati ufaao. Anayekataa kuichagua mwenyewe siku ya kusimama, maradhi humchagulia siku hiyo, na mara nyingi huichagua vibaya.

Saa 55 kwa wiki

Mnamo Mei 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa matokeo ya uchunguzi wa pamoja kuhusu saa za kazi na maradhi. Mashirika hayo yalikadiria kwamba katika mwaka wa 2016 pekee, watu 745,000 kote duniani walifariki kutokana na kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kila wiki. Idadi hiyo ilikuwa imepanda kwa asilimia 29 tangu mwaka wa 2000.

Kwa mujibu wa uchunguzi huo, anayefanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki anakabiliwa na hatari ya kupatwa na kiharusi inayozidi kwa takriban asilimia 35 ile ya mwenzake anayefanya kazi kwa saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kutokana na ugonjwa wa moyo nayo huzidi kwa asilimia 17.

Huenda msomaji akadhani kwamba saa 55 ni nyingi mno na kwamba hazimhusu. Hebu tupige hesabu. Bawabu anayelinda lango kwa saa 12 kila siku, siku sita kwa wiki, hufikisha saa 72. Mwenye duka la mtaani anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku kila siku hufikisha saa 105. Karani wa ofisi anayefanya kazi kwa saa nane kisha akasimamia biashara yake kwa saa tatu kila jioni hufikisha saa 55 kabla hata ya Jumamosi kufika.

La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba wengi wa waliofariki walikuwa na umri wa kati ya miaka 60 na 79, na walikuwa wamefanya kazi kwa saa hizo nyingi walipokuwa na umri wa kati ya miaka 45 na 74. Maana yake ni kwamba madhara hayaonekani siku ile ile. Mtu hujitesa leo akiwa na nguvu zake, akaja kulipa wakati ambapo angestahili kukaa kivulini na kuwasimulia wajukuu wake hadithi.

Mwili hufanya nini

Binadamu aliumbwa akiwa na njia ya kujihami. Anapokutana na hatari, mathalan gari linalomjia kwa kasi anapovuka barabara, mwili wake humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari humwagwa katika damu ili misuli ipate nguvu. Hatari ikishapita, kila kitu hurudi chini taratibu. Mpango huo ni mzuri sana na umeokoa maisha ya wengi.

Shida huanza pale hatari isipokwisha. Mwili hautofautishi sana kati ya gari linalokuja kwa kasi na mkubwa wa kazi anayepiga simu saa nne za usiku. Foleni ya magari asubuhi, deni la mkopo wa simu, ugomvi wa ofisini na ujumbe unaoingia kila dakika humfanya mtu aishi kama anayekimbizwa. Moyo na mishipa ya damu hufanya kazi ya ziada mwezi baada ya mwezi.

Aidha, usingizi ndio wakati wa mwili kujirekebisha. Katika mtu mwenye afya, shinikizo la damu hushuka usiku anapolala, na moyo hupata nafuu. Wataalamu wanapendekeza kwamba mtu mzima alale angalau saa saba. Yule anayelala saa nne ili akamilishe shughuli zake huunyima moyo wake mapumziko hayo.

Isitoshe, uchovu huzaa tabia mbaya. Aliyechoka hana nguvu ya kupika, kwa hivyo hununua chipsi kando ya barabara. Hana hamu ya kutembea, kwa hivyo hupanda bodaboda hata kwa safari fupi. Hushindwa kulala, kwa hivyo hutafuta chupa ya pombe. Hushindwa kukaa macho, kwa hivyo hutafuta sigara.

Na tukumbuke kwamba shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo lililo juu kupita kiasi, huku zaidi ya nusu ya watu wazima wakiwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Wengi hupata habari siku wanapoanguka.

Uchovu usiokwisha kwa kulala

Kuna uchovu wa kawaida ambao huisha mtu akilala usiku mmoja au miwili. Kuna na uchovu mwingine ambao mtu huamka nao. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu huo wa kikazi katika orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 2022. Shirika hilo halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu kwa muda mrefu bila kushughulikiwa.

Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Ya pili ni mtu kujitenga na kazi yake kimawazo, akaanza kuichukia au kuizungumzia kwa dharau. Ya tatu ni utendaji wake kupungua.

Tunawaona watu wa namna hii kila siku. Ni mwalimu aliyekuwa akiwapenda wanafunzi na sasa hawezi kuvumilia swali moja la ziada. Ni muuguzi anayemfokea mgonjwa kwa jambo dogo. Ni dereva anayetukana kila anayempita barabarani. Sisi huwaita watu wabaya. Pengine si wabaya. Pengine ni watu waliopaswa kusimama mwaka mmoja uliopita na hakuna aliyewaambia.

Lakini ni vizuri tuwe waangalifu. Si kila huzuni huponywa kwa likizo. Mtu aliyepoteza hamu ya chakula, usingizi na maisha yenyewe kwa majuma kadhaa, na hasa anayefikiria kujidhuru, anahitaji daktari au mshauri mara moja. Kumwambia mtu kama huyo aende mashambani akapumzike ni sawa na kumpa mwenye malaria maji ya limau.

Sheria yasema nini

Wakenya wengi walioajiriwa hawajui kwamba kupumzika ni haki yao kisheria wala si hisani ya mkubwa wa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inampa pia angalau siku 21 za kazi kama likizo ya mwaka yenye malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi.

Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana kuigawanya likizo hiyo, lakini, isipokuwa wakikubaliana vinginevyo, sehemu moja lazima iwe ya angalau majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa. Waliotunga sheria walielewa jambo ambalo waajiri wengi hawalielewi: siku moja hapa na siku mbili kule hazitoshi. Siku za kwanza za likizo huwa ni za kulala tu na kuwaza kazi uliyoiacha. Utulivu wenyewe huja baadaye.

Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi aliyetumikia kwa miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa ya siku saba zenye malipo kamili na siku nyingine saba zenye nusu ya malipo katika kila kipindi cha miezi 12. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu yenye malipo, na baba ana majuma mawili.

Pamoja na haya yote, kuna desturi mbili ambazo zinafaa kupigwa vita. Ya kwanza ni ya wafanyakazi wanaouza likizo yao kwa pesa mwaka baada ya mwaka. Pesa hizo huliwa Januari na kusahaulika, ilhali mwili haukusahau. Ya pili ni ya waajiri wanaompa mtu likizo kwa mkono mmoja na kumpigia simu kila saa kwa mkono wa pili. Likizo ya mtu anayejibu maswali ya ofisi akiwa kwenye matanga ya shangazi yake si likizo. Ni kazi iliyohamishwa mahali.

Mwajiri asidhani kwamba anapata faida. Mfanyakazi aliyechoka hukosea hesabu, huvunja mitambo, huwafukuza wateja na hatimaye huenda hospitalini. Gharama ya majuma mawili ya likizo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kumtafuta na kumfunza mtu mpya.

Na yule asiye na mwajiri?

Bila shaka wapo watakaouliza: Je, mama anayeuza mboga apate wapi likizo? Fundi wa jua kali, mwendeshaji bodaboda au mfua nguo wa nyumba kwa nyumba akipumzika leo, watoto watakula nini kesho? Swali hili ni la haki, na ndilo gumu kuliko yote. Wakenya wengi hufanya kazi zisizo na barua ya ajira, na kwao ile sheria ni kama mvua inayonyesha ng'ambo ya mto.

Kwao ushauri wa kwenda Mombasa kupunga upepo ni dhihaka. Lakini hata kwao mapumziko yanawezekana, mradi yapangwe na wengi kwa pamoja.

Karibu kila mmoja wao ni mwanachama wa chama fulani. Vyama hivi vimenunua vikombe, mablanketi, mabati na mashamba. Mbona visinunue siku za mapumziko? Wanachama kumi walio sokoni wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja atapumzika siku moja kwa zamu, na jirani yake wa kibanda amwuzie bidhaa zake siku hiyo. Wanaweza kutenga shilingi chache kila juma ili mwanachama anayeugua asilazimike kurudi sokoni akiwa na homa. Watu wetu hujua kuchangiana mtu akishafariki. Ingekuwa afadhali tuchangiane kabla.

Hata ndani ya siku yenyewe kuna nafasi ndogo ndogo. Kukaa kivulini kwa dakika 20 baada ya chakula cha mchana, bila simu mkononi, ni mapumziko. Kufunga kibanda saa moja mapema siku mbili kwa wiki ni mapumziko. Muislamu anayesimama kuswali mara tano kwa siku, na Mkristo anayeiheshimu siku yake ya ibada, tayari wana desturi ya kuweka kazi chini. Wazee wetu waliokuwa wakulima nao walijua kwamba shamba lililolimwa mfululizo huchoka, kwa hivyo wakaliacha likalala msimu mmoja. Hakuna aliyeliita shamba hilo vivu.

Kusimama si kuacha

Wengi huogopa kwamba wakisimama, wenzao watawapita na hawatawafikia tena. Kwa hofu hii, jibu zuri linapatikana kwa wanariadha wetu ambao dunia nzima inawajua.

Faith Kipyegon alishinda nishani ya dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018 alijifungua mtoto wa kike na kukaa nje ya mashindano. Wapo walioweza kudhani kwamba mbio zake zimekwisha. Alirudi mwaka wa 2019 na kunyakua fedha katika mashindano ya dunia mjini Doha. Mwaka wa 2021 akatwaa dhahabu tena katika Olimpiki ya Tokyo. Mwaka wa 2023 alivunja rekodi tatu za dunia kwa muda usiotimia miezi miwili, na mwaka wa 2024 akashinda dhahabu ya tatu mfululizo jijini Paris. Ushindi wake mkubwa zaidi ulikuja baada ya kusimama.

Eliud Kipchoge naye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003 akiwa kijana mbichi. Miaka tisa baadaye, alikosa nafasi katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Olimpiki ya London ya 2012. Badala ya kung'ang'ania uwanja uliokuwa umemkataa, aligeukia barabara. Mwaka wa 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg, kisha akashinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki mbili mfululizo, na mwaka wa 2019 akakimbia umbali huo mjini Vienna kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Wanariadha hawa hufanya kazi ngumu kuliko wengi wetu, na bado siku za kupumzika zimo katika ratiba zao za mazoezi. Wanajua kwamba misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kukimbia.

Atakayesema kwamba hiyo ni habari ya vijana na amkumbuke Kimani Maruge. Mzee huyu aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kuanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka wa 2003. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfurusha, akaishia Nairobi, na huko pia akaendelea kusoma. Alifariki mwaka wa 2009. Alianza upya mara mbili katika umri ambao wengine hawaanzi kitu chochote.

Mwaka ambao taifa zima lilisimama

Hatuhitaji hata kumtafuta mtu mmoja. Taifa zima limewahi kusimama. Kisa cha kwanza cha virusi vya corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na siku chache baadaye shule zikafungwa. Wazazi walilia kwamba watoto wamepoteza mwaka mzima na kwamba maisha yao yameharibika.

Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 2020, na wengine wakarudi Januari 2021. Waliokuwa watahiniwa wa mwaka wa 2020 walifanya mitihani yao ya KCPE na KCSE mwezi wa Machi na Aprili mwaka wa 2021. Ndiyo, walichelewa kwa miezi kadhaa. Ndiyo, kuna watoto ambao hawakurudi, na hilo ni jeraha ambalo halipaswi kusahauliwa. Lakini wale waliorudi walisoma, wakafanya mtihani, na wengi wao wakaendelea na maisha. Kuchelewa hakukuwa kupotea.

Yafaa tujiulize: ikiwa mamilioni ya watoto waliweza kuusogeza mwaka mzima na mbingu zisianguke, kwa nini mtu mmoja aone kwamba dunia itakwama akipumzika kwa majuma mawili?

Kuanza upya kliniki

Kuna jambo moja ambalo halifai kusimamishwa hata kidogo, nalo ni dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hapaswi kujipa likizo ya tembe kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Anayekatiza dawa za kifua kikuu kabla ya muda aliopangiwa huweza kuviachia viini nafasi ya kuwa sugu, na tiba yake huwa ngumu na ndefu zaidi.

Lakini itakuwaje kwa yule ambaye tayari ameacha? Wapo wengi. Mmoja alikosa nauli, wa pili alisafiri, wa tatu alichoka tu. Sasa anataka kurudi kliniki lakini anaona haya. Anaogopa kufokewa mbele ya wengine kwenye foleni. Kwa hivyo hukaa nyumbani mwezi mwingine, na mwingine tena, hadi aletwe kwa machela.

Mtu huyu anahitaji kuambiwa kwamba mlango ungali wazi. Arudi leo, aseme ukweli kuhusu muda aliokaa bila dawa, na asianze kumeza zile zilizobaki kabatini bila kumwona daktari. Nao wauguzi na madaktari wetu, ambao tunajua wamelemewa na kazi, wanaombwa kitu kimoja: aliyerudi apokewe vizuri kwanza, maswali yaje baadaye. Neno moja kali mbele ya wagonjwa wengine laweza kumrudisha nyumbani mtu ambaye alitumia wiki nzima kujipa moyo wa kuja.

Ni vivyo hivyo kwa mvutaji sigara. Wengi wanaofaulu kuacha hawakufaulu mara ya kwanza. Walijaribu, wakarudia, wakajaribu tena. Mwili nao hauchelewi kumsamehe mtu. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Aliyeanguka mara tatu asijihesabu kuwa ameshindwa mara tatu. Amejifunza mara tatu mahali ambapo kuna utelezi.

Namna ya kuanza

Anayetaka kusimama na kuanza upya asianze na mambo makubwa. Wengi huahidi Januari kwamba watakimbia kila asubuhi, wataacha nyama na kulala saa tatu usiku. Februari huwakuta walipokuwa.

Kwanza, pimwa shinikizo la damu na sukari mwezi huu. Ni kazi ya dakika chache katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiwa umeajiriwa, uliza ofisini una siku ngapi za likizo zilizosalia na uandike tarehe ya kuzichukua. Likizo isiyo na tarehe haichukuliwi. Chagua siku moja katika saba ambayo hutafanya kazi ya kuleta pesa, na uwaarifu wa nyumbani kwako ili wakusaidie kuilinda. Weka simu mbali na kitanda.

Kisha, chagua jambo moja tu la kuanza upya. Kama ni dawa, iwe dawa. Kama ni kutembea, iwe ni kushuka matatu kituo kimoja kabla ya chako. Jambo hilo likishakuwa desturi, ndipo uongeze la pili.

Familia nayo ina sehemu yake. Mke, mume au mtoto mkubwa aweza kuona mapema kuliko mgonjwa mwenyewe kwamba baba amekuwa mkali bila sababu au mama haamki akiwa mchangamfu. Tusingoje hadi aanguke ndipo tumpelekee matunda wodini. Tumwambie leo kwamba kazi aifanyayo tunaiona, na kwamba tunamtaka yeye kuliko zile pesa za ziada.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika huweka nyundo chini, akalitengeneza, kisha akaendelea na kazi yake. Lakini mhunzi akianguka mwenyewe kando ya moto, hakuna fundi wa kumtengeneza jioni hiyo hiyo. Mwenye siku 21 na azichukue, na mwenye siku moja na aichukue hiyo moja.